Mawe au Watu? Khabari ya Wageni Watatu wa Calicut

Ndugu msomaji, si nyingi leo nyumba za mwambao wetu ambazo hazina kijana aliyesafiri kwa biashara au anayejitayarisha kusafiri. Huyu yuko Dubai, yule amekwenda Guangzhou kutafuta vitambaa na vyombo vya umeme, mwengine yuko Muscat kwa jamaa zake. Mama ameuza bangili zake, baba ameuza shamba la minazi, na nyumba nzima inasubiri. Wako wanaorejea na faida, alhamdulillahi, na wako wanaorejea mikono mitupu. Na hawa wa pili ukiwauliza khabari, aghlabu jawabu yao ni moja: watu wa kule si watu, wana hila, hawasemi kweli. Huenda walikutana na wezi, kwani wezi wako kila mahali. Lakini ukimsikiliza mtu huyo mpaka mwisho utaona kuwa mara nyingi hakuibiwa. Aliingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, akashangaa kwa nini hakukaribishwa.

Kazi yangu mimi ni kusomesha, si kuuza na kununua, wala sitaki kumfundisha mtu bei ya bidhaa. Lakini vitabu vya tarehe vina khabari ya mji mmoja na wageni watatu walioufikia, na nadhani khabari hiyo itamfaa kijana wetu kuliko nasaha nyingi tunazompa siku ya kumuaga.

Mji wenyewe ni Calicut, katika pwani ya Malabar, kusini-magharibi ya Bara Hindi. Leo jina lake ni Kozhikode. Ulikuwa soko kubwa la pilipili manga na tangawizi, na majahazi yalikuwa yakiufikia kutoka Bahari ya Sham, Hormuz, Gujarat na nchi za mashariki. Mfalme wake alikuwa Mhindu, na cheo chake kilikuwa Samudri, neno ambalo Wareno walilitamka Zamorin. Sasa sikiliza jambo la ajabu. Calicut haikuwa na bandari njema ya maumbile. Pwani yake ni wazi, na merikebu zilitia nanga mbali na nchi kavu. Pilipili nayo ilipatikana hata Quilon na Cochin, ambako kuna maji matulivu zaidi. Basi kwa nini wafanyabiashara wa dunia walizipita bandari hizo wakaenda kutia nanga mahali pa mawimbi?

Mgeni wa kwanza atatujibu. Jina lake Ma Huan, Mchina na Mwislamu, aliyekuwa mkalimani katika safari za amiri Zheng He, naye Zheng He alizaliwa katika nyumba ya Waislamu huko Yunnan. Ndizo zama zile ambazo watu wa Malindi walipeleka twiga kwa mfalme wa Uchina, mwaka 1415. Ma Huan alisafiri kwa mara ya kwanza mwaka 1413, akaandika kitabu juu ya nchi alizoziona, na Calicut ameieleza kwa urefu.

Anasema kwamba mji ulikuwa na misikiti ishirini au thelathini, na kwamba wakuu wawili wa mfalme waliosimamia mambo ya merikebu za Kichina walikuwa Waislamu. Kisha anasimulia jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Mfalme, kwa kuwa ni Mhindu, alimtukuza ng'ombe na hakula nyama yake. Waislamu, kama tujuavyo, hawali nguruwe. Basi hapo kale mfalme na Waislamu waliwekeana ahadi: nyinyi msile ng'ombe, na mimi sitakula nguruwe, kila mmoja aheshimu mwiko wa mwenziwe. Na ahadi hiyo ilikuwa ingali inatimizwa siku Ma Huan alipofika.

Tazama walichokifanya watu wale. Hapana aliyeacha dini yake wala aliyesema kuwa dini zote ni sawa. Nyama ya ng'ombe kwetu ni halali, lakini si faradhi. Mwislamu akiiacha kwa ajili ya ahadi na jirani yake hakupungukiwa na kitu katika dini, na mbuzi na samaki wamejaa tele. Waliona kuwa kitu kidogo kwa huyu ni kitu kikubwa kwa yule, wakapimana kwa mizani ya kila mmoja. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul Hujurat kwamba ametujaalia mataifa na makabila ili tupate kujuana. Kujuana ni kazi, nayo ina gharama zake. Kwa Waislamu wa Calicut gharama yake ilikuwa nyama ya ng'ombe.

Kisha Ma Huan anaeleza namna bei ilivyopangwa. Merikebu ya Kichina ikifika, huja mkuu wa mfalme pamoja na tajiri wa kabila la Chetti, mwandishi na dalali. Huchaguliwa siku. Siku hiyo hariri na bidhaa nyengine za Wachina hutazamwa moja moja, bei yake husemwa, na ikishakubaliwa huandikwa, kila upande ukabaki na hati yake. Halafu wote hushikana mikono, na dalali hutangaza kuwa siku fulani ya mwezi fulani tumeshikana mikono, na bei hii, ikiwa ghali au rahisi, haitageuzwa. Baada ya hapo ndipo matajiri wa mji huleta vito, lulu na marijani, na mazungumzo yakaanza upya juu ya kila kitu. Kazi hiyo ilichukua mwezi mmoja, na pengine miwili au mitatu. Wakati huo wote wenyeji walipiga hesabu kwa vidole vya mikono na miguu, bila ya chombo chochote, na Ma Huan, ambaye kwao watu hutumia ubao wa kuhesabia, anasema kwa mshangao kuwa hawakukosea hata kidogo. Angeweza kuwacheka. Alikaa akatazama mpaka akaona kuwa hesabu ni sahihi.

Miezi mitatu kupanga bei! Kijana wetu anakwenda huko huko kwa Wachina na tikiti ya siku kumi, na siku ya pili anataka mkataba utiwe saini. Wenyeji wake wamemwalika chakula cha usiku, yeye anaona wanampotezea wakati. Wanamuuliza khabari za wazee wake na watoto wake, yeye anajibu kwa kutoa karatasi ya bei. Pengine kwao chakula kile ndiyo hiyo siku ya kushikana mikono. Na sisi pwani tungepaswa kuwa watu wa mwisho kulishangaa jambo hili, kwani kwetu hata mtu anayekuja kununua nazi tano huulizwa kwanza watoto hawajambo.

Lakini nisije nikakufanya udhani kuwa Wachina wa zama zile walikuwa malaika. Walikuja na merikebu kubwa zilizojaa askari, na mwaka 1411 walimkamata mfalme mmoja wa kisiwa cha Ceylon, wakamchukua mateka mpaka kwao. Nguvu walikuwa nazo. Pale Calicut hawakuwa na haja ya kuitumia sokoni, kwa sababu soko lenyewe lilikuwa na taratibu walizozijua na kuzikubali.

Mgeni wa pili ni Abdur-Razzaq, mzaliwa wa Herat, aliyetumwa na mfalme Shahrukh kuwa balozi. Alifika Calicut mwaka 1442, na huyu anafurahisha kwa sababu mji haukumpendeza hata kidogo. Bahari ilimtesa, joto lilimuudhi, na alipowaona watu wakitembea vifua wazi, kuanzia wakubwa mpaka wadogo, aliandika juu yao maneno ambayo sitayarejea hapa, kwani hayana adabu. Tena mbele ya mfalme hakupata makaribisho aliyoyatumainia. Kwa ufupi, alitamani kuondoka.

Juu ya hayo, mtu huyu ametuachia ushahidi mkubwa kuhusu uadilifu wa Calicut. Anasema kwamba mfanyabiashara hushusha mzigo wake kutoka merikebuni, akauacha barabarani na sokoni kwa muda apendao, bila ya kuuhesabu wala kuweka mlinzi. Watu wa forodha ndio wanaoulinda usiku na mchana. Ukiuzwa hutozwa sehemu moja katika arubaini. Usipouzwa hautozwi kitu. Na katika bandari nyengine za pwani ile, merikebu ikisukumwa na upepo mpaka mahali isipokusudia kwenda, watu huipora wakasema ni riziki iliyoletwa na Mungu. Calicut hawakufanya hivyo. Merikebu ilikotoka na inakokwenda ilikuwa ni mamoja kwao. (Sisi tukisikia sehemu moja katika arubaini mara hukumbuka zaka. Hii haikuwa zaka bali ushuru wa mfalme Mhindu, ila mfanyabiashara Mwislamu alipoisikia hesabu ile hapana shaka haikumtisha.)

Nimempenda Abdur-Razzaq kwa jambo hili. Alichukia mavazi ya watu, akachukia joto lao, lakini alipofika katika mlango wa haki alisema aliyoyaona. Watu wengi hudhani kuwa ili ufanye biashara na mgeni ni lazima kwanza umpende. Si lazima. Yatosha kujua haki kwake ni kitu gani, na anailinda namna gani. Na hapo ndipo penye jawabu ya suala letu la bandari: watu walikubali kutia nanga mahali pa mawimbi kwa sababu nchi kavu palikuwa na amani.

Kabla ya kumfikia mgeni wa tatu nakurejesha kidogo kwetu, kwani yeye alipitia kwetu kwanza, na ni vyema ujue alikuta desturi gani. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331. Anaeleza kwamba merikebu ilipotia nanga, vijana wa mji waliiendea kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa sahani mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Basi mfanyabiashara hushuka akaenda nyumba ya mwenyeji wake huyo, na mwenyeji ndiye humuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Aliyezoea kuja na kuwajua watu aliweza kukaa apendapo. Lakini kwa mgeni mpya, mtu akinunua kwake kwa bei ya kumdhulumu, au akimuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara ile kwao ni batili.

Hapana shaka mwenyeji alipata faida yake, wala sisemi alifanya kwa ajili ya Mungu tu. Lakini hebu ipime busara ya wazee hawa. Walijua kuwa mgeni ni kipofu wa siku chache, hajui bei, hajui lugha, hajui nani mkweli. Wakampa macho ya kukodi mpaka yake yafumbuke, na hukumu ya mji ikawa nyuma ya macho hayo. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, hakupelekwa kwa tajiri bali kwa kadhi. Kila mgeni alipata wa mfano wake.

Sasa tuje kwa mgeni wa tatu. Vasco da Gama alitoka Lisbon mwezi wa Julai 1497 na merikebu nne. Mwezi wa Machi 1498 alifika kisiwa cha Msumbiji. Mmoja wa watu wake aliandika khabari za safari siku kwa siku, na maandishi hayo tunayo mpaka leo, kwa hiyo haya nitakayoyaeleza si masengenyo ya maadui zao. Ni ushahidi wao wenyewe.

Pale Msumbiji alimpelekea mtawala kofia, marijani na vitu vidogo vidogo. Mtawala alividharau vyote, akaomba nguo nyekundu ya sufu. Hawakuwa nayo. Hilo lilikuwa onyo la mwanzo. Walikuwa wamezoea kufanya biashara katika pwani ya magharibi ya Afrika, na mabeseni, kengele ndogo, marijani na nguo za milia zilizopendwa huko ndizo walizozipakia. Waliwajua watu wa pwani moja, wakadhani wamewajua watu wote walio mbele yao. Msumbiji uhusiano ulivunjika, wakapiga mizinga. Mombasa mfalme aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau, miwa na pete ya amani, nao wakajibu kwa shada la marijani; kisha wakiwa hapo hapo wakawachoma kwa mafuta ya moto watu wawili waliowakamata, ili waseme kama kuna njama juu yao.

Malindi walipata bahati. Mfalme wa Malindi alikuwa na ushindani wake na Mombasa na alitaka rafiki mwenye mizinga. Da Gama akampelekea joho, shada mbili za marijani, mabeseni matatu, kofia, kengele na vitambaa viwili vya milia. Mfalme akarejesha kondoo sita na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili. Ukipima utaona nani alikuwa mtoaji.

Huko Malindi walikuta merikebu za Wahindi. Wareno walikuwa wanatafuta Wakristo na viungo, na mtu anayetafuta kitu sana hukiona kila mahali. Wakawaonesha Wahindi wale picha ya Bibi Maryam, na Wahindi wakainama kwa heshima, wakapaza sauti kwa jina ambalo Wareno walilisikia kuwa ni Kristo. Wanachuoni wengi leo wanaona kuwa inaelekea walikuwa wakimtaja Krishna. Mwandishi wa safari anasema papo hapo kwamba watu hawa hawali nyama ya ng'ombe. Alama ilikuwa mbele ya macho yake, akaiandika kwa mkono wake, asijue maana yake.

Mfalme wa Malindi akawapa rubani. Wengi wetu tulisomeshwa kuwa rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, mwanachuoni mkubwa wa bahari. Wataalamu wengi siku hizi hawakubali, na waandishi wa Kireno wenyewe wanamtaja kuwa ni mtu wa Gujarat. Ibn Majid hana haja ya sifa ile, wala lawama ile. Rubani huyo, awaye yote, aliwavusha kwa siku 23, na tarehe 20 Mei 1498 wakatia nanga karibu na Calicut.

Mtu wa kwanza waliyemshusha alikutana na watu wawili wa Tunis waliojua lugha za Ulaya, nao wakashangaa wakamuuliza nini kilichowaleta huku. Yaani dunia ambayo Wareno walidhani wameigundua ilikuwa na watu waliokwisha kuijua yao. Walipokuwa njiani kwenda kwa mfalme waliingizwa katika hekalu la Wahindu, wakapiga magoti wakasali, wakidhani ni kanisa. Waliona ukutani picha zenye meno yaliyotoka nje na mikono minne au mitano, wakaandika kuwa ni watakatifu. Mfalme walimkuta ameegemea kitandani, anatafuna tambuu, na chombo cha dhahabu cha kutemea pembeni yake. Akaamrisha wapewe ndizi na mafenesi, akawa anawatazama namna wanavyokula huku akicheka. Nani kwetu asiyekijua kicheko hicho, akimtazama mgeni na fenesi lake la kwanza?

Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Kilichoharibu ni zawadi. Da Gama alitayarisha vitambaa 12 vya milia, vifuniko 4 vya kichwa vyekundu, kofia 6, shada 4 za marijani, mabeseni 6 ya kunawia, sanduku la sukari, na mapipa 4, mawili ya mafuta na mawili ya asali. Kabla ya kupelekwa kwa mfalme zilitazamwa na wakubwa wake, nao wakacheka, wakamwambia kuwa hata mfanyabiashara fakiri kabisa anayetoka Makka hutoa zaidi ya hivi, na kwamba kitu cha kumpelekea mfalme ni dhahabu. Da Gama akajibu kuwa yeye si mfanyabiashara bali balozi, na hizo ni zawadi zake mwenyewe, si za mfalme wake. Jawabu hiyo iliongeza ubaya. Kwa watu wa Calicut mfanyabiashara mwenye mali kidogo anaeleweka. Balozi aliyetoka karibu mwaka mmoja wa bahari, anayesifu utajiri wa mfalme wake, na mikono yake mitupu, huyo ni nani? Alipoonana na mfalme mara ya pili aliulizwa suala ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: alikuja kugundua nini, mawe au watu? Na ikiwa ni watu, mbona hakuleta kitu?

Zawadi katika nchi zile haikuwa rushwa, kama wengine wanavyopenda kusema. Ilikuwa ni maneno. Kwayo mgeni husema: nimeuliza khabari zako kabla ya kuja, nakujua wewe ni nani. Da Gama alisema kwa mabeseni yake kwamba hakuuliza.

Bidhaa zake nazo hazikuuzika. Zilipowekwa ghalani wafanyabiashara walikuja kutazama, hawakununua. Shati zuri lililokuwa na thamani ya reis 300 kwao Ureno liliuzwa kwa 30, nao wakakubali ili wapate japo karafuu na mdalasini kidogo wa kuonesha kwao. Ni haki tuseme pia kwamba Waislamu wa Calicut hawakukaa kimya. Waliona mpinzani amekuja na kumfitinisha hawakuacha. Biashara ilikuwa yao na walikuwa na khofu, na khofu yao haikuwa ya bure. Wakati wa kuondoka da Gama alitakiwa alipe ushuru wa xerafin 600 kama kila mtu. Akaona ni uonevu. Akawakamata watu wa mji waliokuja merikebuni, akaondoka mwisho wa Agosti na baadhi yao.

Na upepo? Kwenda alikuwa na rubani na mwanzo wa kusi. Kurudi alitweka tanga kisiwani Anjediva tarehe 5 Oktoba, wakati kaskazi haijasimama. Mtoto yeyote wa Malindi angemwambia asubiri. Ile safari ya siku 23 ikawa miezi mitatu kasoro siku tatu. Watu 30 wakafa kwa maradhi ya fizi, na waliobaki katika kila merikebu wenye nguvu ya kufanya kazi walikuwa saba au wanane tu. Tarehe 7 Januari 1499 walifika Malindi, wakapewa kondoo na machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Karibu na hapo waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa kuwa hawakuwa tena na watu wa kuiendesha.

Mtu aliyeshindwa hivyo ana njia mbili: kurudi kusoma au kurudi na mizinga zaidi. Mwaka 1500 alikuja Cabral; ukatokea ugomvi juu ya merikebu ya Waislamu aliyoikamata, Wareno wapatao hamsini wakauawa mjini, naye akachoma merikebu na kuupiga mji mizinga. Mwaka 1502 da Gama akarudi, akaichoma baharini merikebu ya mahujaji waliotoka Makka, na watu wake, wanawake kwa wanaume. Akamtaka Samudri awafukuze Waislamu wote katika mji. Mfalme Mhindu akakataa, kwani watu wale kwake walikuwa ni wenyeji. Ahadi ile ya ng'ombe na nguruwe, ndugu msomaji, siku hiyo ilikuwa na thamani kuliko pilipili yote iliyokuwa ghalani. Sheikh Zaynuddin wa Malabar, aliyeandika kitabu chake Tuhfatul Mujahidin katika karne hiyo hiyo ya 16, amewasifu watawala wa Kihindu kwa namna walivyowatendea Waislamu, na kitabu chenyewe ni cha kuwahimiza watu kupigana na Wareno.

Kwetu zamu ilifika mwaka 1505, Kilwa na Mombasa zilipoporwa na Almeida. Baada ya hapo merikebu zilitakiwa zichukue hati ya ruhusa ya Mreno kwa malipo, la sivyo zikamatwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa badala ya sahani ya chakula iliyofunikwa.

Hata lugha yetu imeweka kumbukumbu. Maneno kama dalali, rasilimali, hundi, laki, bandari na nahodha tuliyapata kwa watu tuliofanya nao biashara, Waarabu, Waajemi na Wahindi. Kwa Wareno, waliokaa karibu miaka mia mbili, tumepata meza, leso, karata, mvinyo na bendera. Na gereza: wanaojua lugha wanasema asili yake ni neno lao lenye maana ya kanisa.

Hawakuweza hata kuikamata biashara yote waliyoipigania. Walijenga ngome Cochin kwa mshindani wa Samudri, lakini kufikia katikati ya karne ile pilipili nyingi ilikuwa ikipita tena Bahari ya Sham. Malindi, mwenyeji wao mwema, haikupata ilichokitumaini. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome yao kubwa Mombasa, wakamhamishia huko mfalme wa Malindi, na mji wake ukafifia mpaka ukawa magofu na vichaka, ukaja kufufuliwa zama za Sayyid Majid. Nguzo ya mawe waliyoiweka Wareno ingalipo, juu ya jabali lililochomoza baharini, na watalii huiendea kupiga picha.